Mchumba wa Mama

Benchi lililokuwa nje ya duka la Dishon kinyozi, pale Makadara, Mombasa, lilikuwa na nafasi ya watu watano, na kila alasiri lilikaliwa na tisa. Mambo ya nchi yalitengenezwa hapo. Mwaka huo wa tisini na tisa kazi ilikuwa nyingi: stima ya mgao, maji ya bomba yanayokuja siku yanayotaka yenyewe, katiba mpya ambayo kila mtu aliitaka na hakuna aliyejua itaandikwa na nani, na ile habari kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitapotewa na akili, ndege zianguke na benki zisahau pesa za watu.

Jamaldin ndiye aliyekuwa akisikilizwa zaidi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na hakufika pale bila gazeti kwapani. Jumatatu hiyo gazeti lilikuwa na habari ya msichana wa Nairobi aliyepata mume kwa intaneti. Benchi zima lilicheka, isipokuwa yeye.

"Mwacheka nini?" aliuliza. "Babu zetu walioa wake ambao hawakuwaona hata ukucha. Shangazi aenda, aangalia, arudi asema ni mzuri, basi. Sasa watu wazima wawili waandikiana miezi sita, kila mmoja aijua tabia ya mwenziwe na fikira zake, nyinyi mwasema ni uhuni! Mimi nasema mtu mzima ana haki ya kumtafuta mwenziwe atakavyo. Kwa barua, kwa simu, kwa kompyuta. Asiyetaka na abaki nyuma na kandili yake."

Dishon alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. "Hata akiwa ni mtu wa nyumbani kwako, ndugu Jamaldin?"

"Hasa akiwa wa nyumbani kwangu!"

Mmoja alikohoa. Mwingine aliangalia viatu vyake. Dishon, aliyekuwa mtu wa moyo mweupe asiyejua kuficha furaha, alimpa mkono.

"Basi Mungu akubariki. Sisi tulikuwa tunaogopa. Tulisema, siku Jamaldin akisikia habari za mamake na yule bwana wa Nakuru, atavunja vioo vya saiba, pale pa kompyuta. Kumbe uko radhi! Hongera sana."

Benchi zima likapiga makofi. Jamaldin alilikunja gazeti mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka likakataa kukunjika tena. Kisha akaondoka bila kuaga.

Mamake, Mwanaesha, alikuwa uani amekaa juu ya kigoda, sinia ya ndimu mbele yake. Alizipasua mara nne bila kuzitenganisha, akazishindilia chumvi, akazitumbukiza kwenye mtungi. Achari yake iliuzwa katika maduka sita ya Mji wa Kale, na watu wengi hawakumjua kwa jina jingine ila Mama Achari. Alikuwa na miaka arubaini na tisa, na mumewe alikuwa amekufa mwaka wa sita sasa.

"Mama, nani wa Nakuru?"

Mwanaesha hakuinua kichwa. "Aleikum salaam," alisema.

"Salaam aleikum. Nani wa Nakuru?"

"Yuwaitwa Ngowa. Ni fundi wa mitambo katika kinu cha unga, na mwisho wa mwaka astaafu arudi huku. Mkewe alikufa kitambo. Nilikuwa nikwambie leo baada ya chakula. Jumamosi yuwaja na watu wake, waleta posa."

Jikoni, Fadhiya, mkewe Jamaldin, alizima jiko la mafuta ya taa ili asikie vizuri.

"Umemjua wapi?"

"Kwa kompyuta."

"Wewe na kompyuta?"

"Si wewe ulonipeleka? Ulisema simu ya Kanada ni ghali, twende saiba nimwandikie dadako. Ukanikalisha pale, ukanionyesha pa kubonyeza, ukaenda zako kwenye benchi. Mimi nikabonyeza na pengine."

Alikuwa amebonyeza, akaangukia ukumbi wa mazungumzo wa watu wa pwani waliotawanyika. Kulikuwa na mabaharia, wanafunzi wa Uarabuni, wauguzi wa Uingereza, na wafanyakazi wa bara waliokumbuka samaki. Walijadili kila kitu. Siku ya kwanza alisoma tu. Siku ya pili mtu aliandika upuuzi juu ya bei ya nazi, naye hakuweza kunyamaza.

"Ngowa," Jamaldin alilirudia jina kana kwamba amepata changarawe ndani ya wali. "Ngowa wa wapi huyo?"

"Asili yao Kaloleni. Alikulia Kibarani."

"Mgiriama!"

"Muislamu, mwana wa Muislamu."

"Mama! Watu watasema nini? Nyumba hii imekaa hapa tangu babu wa babu yangu. Leo wewe uolewe na mtu uliyemwokota kwenye kompyuta, na tena Mgiriama wa pale jaani Kibarani? Mimi ntapita wapi? Umri wako huu ni wa kungojea wajukuu, si wachumba."

Fadhiya alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Juzi tu, hapa hapa, ulikuwa ukituhubiria kwamba mwanamke ni lazima awe na uhuru wa kujiamulia."

"Ule ulikuwa mjadala," alisema Jamaldin. "Huyu ni mamangu."

Mwanaesha aliifuta mikono yake kwa kanga. Aliiangalia sinia, akaiangalia mitungi iliyopangwa ukutani, akamwangalia mwanawe aliyesimama pale akitweta, kola imelowa jasho.

"Haya," alisema. "Ntamwandikia asije."

Akachukua ndimu nyingine. Jamaldin, aliyekuwa amejitayarisha kwa vita, alibaki na maneno mengi yasiyokuwa na pa kwenda.

*

Tangu hapo nyumba ikawa na amani isiyopendeza. Mwanaesha alikwenda saiba mara moja tu, Jumanne asubuhi, akakaa dakika mbili, akarudi. Alipika, akafua, akatia ndimu chumvi. Kila alichoambiwa alijibu, "Sawa, mwanangu." Jumatano jioni Jamaldin alisema kwa makusudi kwamba chai haina tangawizi. Siku nyingine angeambiwa akajipikie mwenyewe. Siku hiyo mamake alisema, "Pole," akainuka kwenda kutwanga nyingine.

Alhamisi mchana Jamaldin alirudi nyumbani kula. Fadhiya alimpakulia wali na samaki, akakaa mbele yake, mikono kidevuni.

"Leo nimekwenda Marikiti na mamako," alisema.

"Haya."

"Yule muuza ndimu amemtania mbele za watu. 'Mama wa kompyuta, harusi lini?' Watu wamecheka."

"Si ndiyo ninayosema? Ndiyo aibu yenyewe hiyo!"

"Ngoja, sijamaliza. Hakumjibu. Akauliza bei, akatajiwa, akalipa."

Jamaldin alirudisha tonge sahanini. "Akalipa bei gani?"

"Aliyotajiwa."

"Ya ndimu?"

"Ya ndimu. Gunia zima."

Kwa miaka yote aliyokumbuka Jamaldin, mamake hakuwahi kulipa bei aliyotajiwa. Wauzaji wa Marikiti walimwogopa. Kulikuwa na mmoja aliyehama meza kwa ajili yake. Jamaldin alikitazama chakula, akanawa mikono, akatoka kwenda kwa mjomba wake.

Mzee Mzamil, kaka yake Mwanaesha, alikuwa fundi wa saa katika chumba kimoja Ndia Kuu. Jamaldin alimkuta ameinama juu ya saa ya mkono iliyofunguliwa, lenzi jichoni.

"Mjomba, bila shaka umesikia. Mimi nimeikataa ile posa."

"Umeikataa kama nani?"

"Kama mwanawe."

"Kwa madhehebu yetu mwana hamuozeshi mamake. Walii ni mimi, nduguye. Kwa hivyo hukukataa kitu. Umepiga kelele tu."

Jamaldin alikaa juu ya kasha lililokuwa mlangoni. "Basi wewe umekubali?"

"Sijakubali wala sijakataa. Mtu huulizwa kwanza. Nani amemuulizia huyu? Tabia yake, hasira zake, watu wake?"

"Nakuru tutamuuliza nani, mjomba?"

"Yeye na mamako wamejuana wapi?"

"Kwa kompyuta."

"Kaulize huko huko." Mzee Mzamil alikiokota kigurudumu kidogo kwa koleo, akakipuliza. "Na uende upesi. Nasikia tarehe mosi Januari zote zafa, na kila kilichoandikwa ndani chafutika. Kama ndoa nayo itafutika, mimi nataka nijue mapema."

Hakutabasamu. Hakuna mtu katika ukoo aliyeweza kujua lini Mzee Mzamil anatania na lini anasema kweli.

*

Saiba ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa: kompyuta sita, feni moja, na msichana wa Rabai aitwaye Everlyne aliyetoza shilingi kumi kwa dakika na kuandika muda kwenye daftari.

"Mama hajambo?" aliuliza mara tu alipomwona. "Tangu juzi hajaja. Kiti chake ni kile cha dirishani, sijamkalisha mtu."

"Hajambo. Nataka kusoma barua zake."

Wateja wote watano waligeuka. Everlyne aliweka kalamu chini.

"Barua za mama zina neno la siri. Mimi silijui. Na hata ningelijua, kaka, nisingekupa."

Jamaldin alizoea kuwa yeye ndiye anayewaambia watu habari za haki.

"Lakini ukumbini kila mtu husoma," Everlyne alisema, sauti imelainika. "Kaa hapo. Nikufungulie."

Alifunguliwa, akaanza kusoma. Mwanzoni alisoma kama karani, akitafuta kosa. Mjadala mrefu kuliko yote ulihusu jaa la Kibarani. Mama Achari alikuwa ameandika kwamba moshi wa lile jaa waingia mpaka kwenye nguo za watoto wachanga, na kwamba linapaswa kuondolewa leo, si kesho. Mtu aliyejiita Mwana wa Kibarani alimjibu:

"Bibi, moshi naujua, nimekua nao. Lakini nawajua pia watu wanaookota chuma na chupa pale. Ukiliondoa jaa usiku, asubuhi watakula nini?"

Mama Achari alijibu kwamba hakuna mtu aliyezaliwa ili aokote chupa. Mwana wa Kibarani akasema hilo ni kweli, lakini tumbo halijui hilo. Wakaendelea hivyo wiki nzima. Watu wa Jeddah na wa London wakaingia, wakachoka, wakatoka. Wao wawili hawakuchoka. Siku ya kumi Mwana wa Kibarani aliandika:

"Mama Achari, nimefikiri siku tatu. Kwenye moshi umenishinda. Kwenye watu sijashindwa. Umesema wapewe kazi ya kuchambua taka kwa mshahara. Sikuwahi kulifikiri hilo. Lakini nani atawasimamia? Wewe waonaje?"

Jamaldin aliyasoma maneno hayo ya mwisho mara mbili. Alijaribu kukumbuka lini alimuuliza mamake swali kama hilo. Alimuuliza kila siku shati liko wapi, chakula tayari, nani amepita. Habari za nchi alimpa tu, kama mtu anayesoma tangazo.

Akaendelea kushuka ukurasani. Mama Achari juu ya mgao wa stima. Mama Achari juu ya wasichana kunyimwa karo. Mama Achari juu ya katiba, kwa hoja iliyopangika vizuri mno hata Jamaldin akatamani angelikuwa ameisema yeye. Na mahali pengine, mtu wa Muscat alipolalamika kwamba vijana wa Mombasa hawana kazi ila maneno, Mama Achari aliandika hivi:

"Usiwaseme. Mimi nina mmoja nyumbani. Kila alasiri huitengeneza nchi yote mpaka magharibi, kisha hurudi akaniuliza chumvi iko wapi. Lakini babake alipougua, mtoto huyu alimbeba mgongoni ngazi za ghorofa tatu za hospitali, kwenda na kurudi, miezi minne, hakusema neno. Maneno yake yaacheni. Mimi namjua."

Everlyne alipita akamwona anapangusa macho. Akamletea tishu bila kumuuliza, na dakika hizo hakuziandika.

Mwisho kabisa kulikuwa na ujumbe wa jana. Mtu alikuwa ameuliza, "Mama Achari yuko wapi? Ukumbi umepoa." Mwana wa Kibarani alijibu kwa mstari mmoja: "Mwacheni apumzike. Ana watu wake wa kuwaangalia, na hilo ni kubwa kuliko sisi." Hakulalamika wala hakumlaumu mtu.

"Everlyne," aliita Jamaldin. "Nataka kumwandikia huyu."

Aliandika kwa vidole viwili, akafuta, akaandika tena, mpaka ikawa hivi:

"Salaam aleikum. Mimi ni mwana wa Mama Achari. Aliyesababisha uambiwe usije ni mimi, si yeye. Ukiwa na moyo bado, njooni Jumamosi baada ya adhuhuri kama mlivyopanga. Walii yupo, na wali utakuwepo."

Alibonyeza. Papo hapo feni ikasimama, kompyuta zote sita zikawa nyeusi, na barabarani watu wakapiga yowe wanalopiga kila stima ikikatika.

"Imekwenda?" aliuliza Jamaldin.

"Mungu ndiye ajuaye," alisema Everlyne gizani.

*

"Mama," alisema Jamaldin jioni hiyo, amesimama kwenye mlango wa uani. "Jumamosi tuna wageni."

"Wageni gani? Mimi nimemwambia asije."

"Nami nimemwambia aje."

Kisu kilisimama katikati ya ndimu. "Wewe umemwandikia Ngowa?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa vidole viwili." Jamaldin alichuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akichuchumaa utotoni alipovunja kitu. "Mama, maneno yale ya Jumatatu… nisamehe. Niliyasema na sikuyafikiri."

Uso wa Mwanaesha ulikuwa mzito, na Fadhiya, aliyejibanza nyuma ya pazia la jikoni, alikishika kifuniko cha sufuria kisilie.

"Tahajia hukuniharibia?" Mwanaesha aliuliza hatimaye. "Huyu mtu ni mkali kwa tahajia. Usije ukanitia aibu."

Fadhiya alicheka kwa sauti hata akakiangusha kifuniko.

Lakini kama ujumbe ulifika, hakuna aliyejua. Ijumaa stima ilirudi ila laini ya simu ya saiba ikafa kutwa nzima. Jumamosi walinunua nyama kilo nne na kuku watatu, wakapika pilau la watu ishirini kwa ajili ya watu ambao huenda walikuwa wamekaa zao Nakuru. Mzee Mzamil alikuja na kanzu nyeupe na kofia iliyoshonwa kwa mkono, akakaa sebuleni. Adhuhuri ikasaliwa. Saa nane ikafika, na baadaye saa nane na nusu. Majirani walipita mbele ya mlango polepole, wakarudi polepole. Mwanaesha alivaa leso mpya, akaivua, akavaa ya kila siku, kisha Fadhiya akamlazimisha kuvaa mpya tena.

"Labda tule," alisema Mwanaesha. "Pilau lapoa."

Hapo wakasikia hodi. Haikutoka mlango wa mbele. Ilitoka nyuma, kwenye kichochoro kinachopitishiwa magunia ya ndimu na mitungi.

Jamaldin alikwenda kufungua. Nje walisimama watu watatu. Mbele alikuwa mwanamume mfupi, mnene kidogo, kanzu yake ina mikunjo ya dukani bado. Nyuma yake alikuwa mwanamke mrefu aliyejitwisha kikapu cha madafu na mbaazi, na mzee mwembamba mwenye tasbihi.

"Samahani," alisema yule mfupi. "Tumeuliza nyumba ya Mama Achari. Mtu wa pale pembeni ametutazama, akasema wachukuzi hupitia huku."

Alilisema bila hasira, kama mtu aliyezoea, na kwa sababu hiyo lilimchoma Jamaldin zaidi. Maneno yale yale ya Jumatatu yalikuwa yamewatangulia wageni wake njiani.

"Wewe ni Bwana Ngowa?"

"Ndiye. Huyu ni dadangu, Nyevu. Na huyu ni imamu wa msikiti wetu."

Njia fupi ilikuwa kuwapitisha uani. Jamaldin alitoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, akakishusha kikapu kutoka kichwani mwa Nyevu, akakibeba mwenyewe begani juu ya shati lake jeupe.

"Mlango wa wageni ni wa mbele," alisema. "Tafadhalini, nifuateni."

Akawazungusha njia yote, kichochoro kwa kichochoro, mbele ya duka la pembeni, mbele ya wanawake waliokaa vizingitini, mbele ya Dishon aliyekuwa amefunga kazi mapema ili apite kwa bahati tu. Kila aliyemkuta alimsalimu kwa sauti. "Salaam aleikum. Hawa ni wageni wetu. Wametoka Nakuru na Kibarani. Waleta posa kwa mamangu." Walipofika mlango mkubwa wa mbao, aliufungua mabawa yote mawili, jambo lililokuwa halijafanyika tangu harusi yake mwenyewe.

*

Sebuleni Mzee Mzamil aliuliza yote yanayoulizwa. Ngowa alijibu moja moja. Ndiyo, watoto wawili, wote wameoa. Hapana, hanywi. Hasira anazo, lakini si za mikono. Imamu alisema amemjua tangu akiwa na meno ya utotoni. Jamaldin alipouliza kama ujumbe wake ulifika, Ngowa alijikuna kidevu.

"Mimi nilikuwa nimeshakwenda kurudisha tikiti ya basi," alisema. "Karani akakataa kunirudishia pesa. Tukabishana. Nikasema, basi, ntasafiri nikamwone dadangu. Nilipopita saiba nikaukuta. Nilifurahi, lakini wajua lililonikera? Laiti yule karani angenirudishia pesa zangu, ningeukuta na sina tikiti. Sasa sina budi kumshukuru."

"Na hili la mwaka elfu mbili?" aliuliza Mzee Mzamil, uso mkavu. "Mitambo yote yafa. Itakuwaje?"

"Ya kwetu tumeikagua, mzee. Itasaga. Na ndoa, kama utaniruhusu, tutaiandika kwa kalamu."

Mzee Mzamil alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka watu wa nyumba ile waliliona jino lake la dhahabu.

Nako kwenye chumba cha ndani Nyevu alikuwa ameonjeshwa achari. "Nzuri," alisema, akakunja uso kidogo. "Lakini chumvi imezidi, dada."

"Hiyo ni ya wiki hii," Mwanaesha alisema. "Ilikuwa wiki mbaya." Wakacheka wote watatu, yeye na Nyevu na Fadhiya, mpaka wanaume wakanyamaza kule kuwasikiliza.

Pilau lilipoliwa, Mzee Mzamil alisema kwamba amekubali, lakini ni sunna wanaotaka kuoana waonane kwanza. Wakae chumba cha kati, mlango wazi, na maharimu wake, jamaa asiyeweza kumuoa, awe nao. Maharimu ni Jamaldin.

Kwa hiyo Jamaldin alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kumchunga mamake.

Mwanaesha alikaa upande huu, Ngowa upande ule. Katikati kulikuwa na sinia ya kahawa. Watu hawa walikuwa wameandikiana miezi saba. Ngowa aliitazama sinia. Mwanaesha aliutazama ukuta. Ngowa alifungua mdomo, akaufunga. Mwanaesha aliirekebisha leso iliyokuwa sawasawa.

"Safari ilikuwa njema?" aliuliza.

"Njema."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi."

Nzi alitua kwenye tende, akaruka, akatua tena. Jamaldin alihesabu pumzi zake. Aliona kijasho kwenye kipaji cha Ngowa. Aliona vidole vya mamake, vilivyopauka kwa chumvi na ndimu, vikiushika ukingo wa kiti. Akaingiwa na hofu kwamba wataachana hivi hivi, kwa haya tu, baada ya yote yaliyopita.

Akajikohoza.

"Nasikia watu wa baraza la mji wataka kuifunga Marikiti," alisema, macho juu ya dari. "Wauzaji wote wahamishwe nje ya kisiwa, pale pajengwe pahali pa kuegesha magari. Mimi naona ni sawa kabisa. Soko ni uchafu tu."

"Sawa?" Mwanaesha aligeuka kwa kasi, kahawa ikatikisika. "Sawa kwa nani? Mwanamke wa Mji wa Kale akitaka fungu la bizari apande gari?"

"Na wachukuzi?" alisema Ngowa wakati huo huo. "Wale watu mia mbili wa mikokoteni waende wapi?"

"Wachukuzi watafuata soko," Mwanaesha alimgeukia. "Usianze na wachukuzi. Anza na mnunuzi. Mnunuzi akiondoka hakuna cha kuchukua."

"La, bibi, hapo sikubali. Soko hushikwa na wanaobeba."

"Hushikwa na wanaolipa!"

"Umewahi kubeba gunia?"

"La ndimu, kila wiki! Wewe umewahi?"

Ngowa alikuwa ameshasogea ukingoni mwa kiti, mkono mmoja hewani. Mwanaesha uso wake ulikuwa umewaka, na sauti yake ilikuwa ile iliyomhamisha muuzaji meza. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba kulikuwa na mtu wa tatu chumbani. Jamaldin aliegemea ukuta, akachukua tende.

"Jamaldin!" Mzee Mzamil aliita kutoka sebuleni. "Kuna nini huko? Wagombana?"

"Naam, mjomba," Jamaldin alijibu. "Wagombana."

Sebuleni Mzee Mzamil akasikika akimgeukia imamu wa Kibarani.

"Haya, shehe," alisema. "Tutaje siku. Na iwe karibu."